Kabla Refa Mkuu Hajasaini

Watazamaji wengi wa kikapu huanza kuondoka king'ora cha mwisho kikilia. Kwa refa, mechi bado ipo. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinasema kosa la kuandika pointi, idadi ya faulo, idadi ya taimauti au muda uliotumika linaweza kusahihishwa wakati wowote kabla refa mkuu hajaweka sahihi yake kwenye skoshiti. Hata kama wachezaji wameshabebana mabegani na mashabiki wameshaingia uwanjani, refa mkuu akikagua karatasi akakuta kikapu kimoja kiliandikwa upande usio wake, ni wajibu wake kukirudisha, matokeo yageuke yasigeuke. Akishasaini, basi. Kosa likionekana dakika moja baadaye hana tena mamlaka nalo. Kazi iliyobaki ni kuwaandikia ripoti waandaaji.

Nimepuliza filimbi miaka mingi kwenye viwanja vya Dar es Salaam, na kabla ya filimbi nilikaa mezani nikishika kalamu. Ugomvi nimeuona wa kila aina. Kijana akinifuata leo akaniambia anataka urefa, jambo la kwanza nitakalomwambia ni kwamba hesabu na uamuzi ni vitu viwili, na asivichanganye hata siku moja. Hesabu ikikosewa, irekebishwe hapohapo, watu wote wakiona, bila aibu. Uamuzi ukishatoka kwenye filimbi, ubaki, na aliyeutoa aubebe. Karibu kila mgogoro mbaya niliowahi kuushuhudia ulianza pale refa alipovichanganya: ama alitetea kosa la kalamu kana kwamba heshima yake imeguswa, ama alikubali faulo aliyoiona kwa macho yake ifutwe kwenye karatasi kwa sababu kelele zilizidi.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana wanaoigombania wengi hawajawahi kuiangalia kwa karibu.

Skoshiti rasmi huja na nakala tatu chini yake. Ya juu, nyeupe, ni ya FIBA, na ya bluu ni ya waandaaji. Washindi hupewa ya pinki na walioshindwa ya njano. Mwandishi wa meza anashika kalamu mbili: nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, bluu au nyeusi kwa robo ya pili na ya nne. Kikapu cha kawaida ni mstari wa mshazari juu ya namba ya pointi, na pembeni yake namba ya mfungaji. Mtupo huru ni nukta iliyojazwa. Kikapu cha pointi tatu, namba ya mfungaji inazungushiwa duara. Faulo nazo zina herufi zake. P ni ya kawaida, U ni ile isiyo ya kiuanamichezo, D ni ya kufukuzwa, T ni teknikali ya mchezaji. Kwenye mstari wa kocha kuna mbili nyingine ambazo watu huzisahau: C ni teknikali aliyoipata kocha mkuu kwa mwenendo wake mwenyewe, na B ni ile iliyotoka kwa mtu mwingine wa benchi, awe kocha msaidizi au mchezaji wa akiba, lakini anaandikiwa kocha kwa sababu benchi ni lake. Aliyezizoea alama hizi anaweza kuisoma mechi ya Jumamosi akiwa nyumbani Jumatatu, kikapu kwa kikapu, na rangi ya wino itamwambia ni robo gani.

Sasa mweke mwandishi huyo kwenye kiwanja cha wazi Upanga saa kumi na moja jioni, upepo wa baharini ukivuma. Karatasi inainuka. Ameikandamiza kwa simu upande mmoja na kwa kiwiko upande wa pili, mashabiki wamemsimamia mgongoni, na timu ina kasi kiasi kwamba akiinama kuandika kikapu kimoja, kingine kimeshaingia. Makosa yake nayajua kwa majina. Baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli, na mkono uliozoea safu moja dakika 20 huandika kikapu cha kwanza cha robo ya tatu kwenye safu ya wapinzani. Kikapu cha pointi mbili kikikaa upande usio wake, tofauti ya mechi inasogea pointi nne. Faulo ya namba 14 huandikwa kwa namba 4, kwa sababu refa alionyesha vidole vinne huku ngumi ya mkono wa pili, ambayo ndiyo kumi, ikiwa nusu imejificha nyuma ya mchezaji. Kikapu cha pointi tatu huandikwa mbili, kwa kuwa mwandishi alikuwa ameinama refa alipoinua mikono.

Mzee aliyenifundisha urefa alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa mwanzoni. Kila taimauti, badala ya kusimama katikati ya uwanja kama wengine, alitupia jicho ubao wa matokeo, kisha akamtazama mwandishi hadi huyo atikise kichwa kwamba karatasi na ubao vinalingana. Kosa likipatikana hapo halijapita mbali: vikapu vitatu vinne tu vya kukumbuka, na waliovifunga bado wako uwanjani. Likiachwa hadi mwisho, mnagombania kumbukumbu za watu ambao nusu yao wanataka ushindi.

Mwandishi akigundua kosa mpira ukiwa mchezoni, hapigi king'ora. Anasubiri mpira ufe. Refa anakwenda mezani, anawauliza mwandishi na msaidizi wake anayeendesha ubao, halafu marefa wenzake. Makocha wanaweza kusema wanalosema, lakini ushahidi wa kocha juu ya pointi zake mwenyewe haujazi nafasi kwenye skoshiti. Video ya mtazamaji kwenye simu nayo vilevile. Kanuni zinaruhusu marudio ya picha pale tu penye mitambo iliyokubaliwa kabla ya mechi, na ligi zetu nyingi hazina. Ubao na karatasi vikitofautiana na hakuna aliye na hakika, karatasi ndiyo inayofuatwa. Ni kama daftari la mangi: ukiona deni lisilo lako, lalamika siku hiyohiyo jina la kitu bado liko mdomoni mwa wote wawili.

Teknikali haina daftari la kukagua. Ni jicho na sikio la mtu mmoja, na ndiyo maana inauma. Kocha anaamini alikuwa anauliza tu. Refa amesikia tusi. Kanuni zenyewe zimepunguza makali yake. Kabla ya 2014 teknikali ya mchezaji ilikuwa mitupo huru miwili na mpira juu yake. Mwaka huo ikawa mtupo mmoja na mpira, na baadaye ikabaki mtupo mmoja tu, kisha mchezo unaendelea pale ulipokatizwa. Naona ni badiliko jema kuliko mengi yaliyofanywa katika wakati wangu. Adhabu ilipokuwa kubwa, marefa waoga waliiogopa hadi matusi yakawa kawaida, na wakali waliitumia kama fimbo. Sasa inaweza kutolewa mapema, kwa sauti ya chini, mchezo ukapoa. Mchezaji mwenye teknikali mbili anatoka. Mwenye moja pamoja na faulo moja isiyo ya kiuanamichezo anatoka pia. Kocha anatoka akipata C mbili, au teknikali tatu kwa jumla za C na B.

Hesabu hiyo ya kocha ndiyo iliyoleta jioni nisiyoisahau.

Ilikuwa mechi ya ligi kati ya timu mbili zenye uhasama wa siku nyingi, na majina yao hayana faida hapa. Mimi nilikuwa refa wa pili. Refa mkuu alikuwa yule mzee. Robo ya tatu, kocha msaidizi wa wenyeji aliinuka, akaenda hadi mezani na kuipiga kofi, akidai pointi zao zinaibwa. Nilipuliza, nikasimama mbele ya meza, nikatangaza teknikali ya benchi. Mtupo ukapigwa, mchezo ukaendelea. Robo ya nne, dakika zikiwa chache na tofauti ndogo, kocha mkuu mwenyewe aliingia uwanjani hatua tatu nne akimwambia mzee kwa sauti kwamba amenunuliwa. Mzee akapuliza. Teknikali, kocha.

Dada aliyekuwa anaandika akainua uso. "Mzee, kocha ana C mbili. Anatoka."

Uwanja ulilipuka. Wachezaji wa akiba wakasimama, mtu mmoja akarusha chupa ya maji, na wageni wakaanza kumwonyesha kocha njia ya kutokea. Mzee aliinua kiganja, akazirudisha timu zote mbili kwenye mabenchi yao, akamtaka msimamizi wa uwanja awasogeze watu mbali na meza. Hakuishika karatasi. Aliinama tu, akaangalia mstari wa kocha. C moja ilikuwa nyekundu na nyingine ya bluu.

"Hii nyekundu alipuliza nani?"

"Mimi, mzee."

"Ulimpa nani?"

"Kocha msaidizi. Nilitangaza benchi."

Akamgeukia dada kwa upole. "Wewe ulisikia nini, mwanangu?"

"Kelele zilikuwa nyingi. Nilisikia kocha, mzee."

Msaidizi wake, aliyekuwa kwenye ubao, akasema naye alisikia benchi. "Basi kata hiyo C, andika B," mzee akasema, akaweka sahihi ndogo pembeni ya marekebisho. Ndipo akawaita makocha wakuu wote wawili pamoja, wa wageni na wa wenyeji, wasimame bega kwa bega, akawaeleza neno lilelile kwa wakati mmoja: teknikali ya robo ya tatu ilikuwa ya benchi, iliandikwa kwa herufi ya kocha, imerekebishwa, kwa hiyo kocha ana C moja na B moja na atabaki. Kocha wa wageni alilalamika kwamba wenyeji wanabebwa. Mzee alimsikiliza hadi akamaliza, akamwonyesha wino.

Kocha wa wenyeji, aliyekuwa ameokoka, akaona mlango. "Sasa mzee, mradi mnarekebisha, si mfute na hiyo ya pili tumalize vizuri?"

"Hapana, kocha. Ile ilikuwa ya kalamu. Hii umeisema mwenyewe na mimi nimeisikia."

Mtupo huru mmoja ukapigwa, mpira ukarudi pale ulipokuwa, tukamaliza mechi. Baada ya hapo hakuna aliyebishana nasi, hata walioshindwa. Nimefikiri mara nyingi kwa nini. Nadhani waliona kwamba mtu yuleyule, ndani ya dakika ileile, alimsaidia kocha pale haki ilipokuwa ya kocha na kumkatalia pale isipokuwa yake, na yote mawili aliyafanya kwa sauti ileile. Angeifuta ile ya pili kwa huruma, hata ile ya kwanza ingeonekana ya kununuliwa. Angekataa kuigusa ile ya kwanza ili asionekane dhaifu, angemfukuza mtu kwa kosa la wino.

Jambo la pili nililolibeba ni namna alivyomtendea yule dada. Hakumkaripia mbele ya watu. Mwandishi akifokewa hadharani leo, kesho atakaa kimya na kosa lake hadi mwisho wa mechi, na hapo ndipo refa anapoangamia. Tulipomaliza, mzee alituweka chini sisi sote wanne na kutuambia kwamba kuanzia siku ile, teknikali ya benchi itatangazwa kwa mdomo na kwa kidole, na refa haondoki mezani kabla hajaiona herufi ikiandikwa. Nimeifanya hivyo tangu wakati huo, nami nimewafundisha wengine.

Makosa haya si ya viwanja vya saruji peke yake. Tarehe 19 Desemba 2007, Miami Heat walikuwa wageni wa Atlanta Hawks katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Katika muda wa nyongeza, zikiwa zimebaki sekunde 51.9, meza ilitangaza kwamba Shaquille O'Neal wa Miami amefikisha faulo sita, ambazo ndizo zinazomtoa mchezaji katika NBA, tofauti na tano za FIBA. Zilikuwa tano. Faulo ya mwenzake, Udonis Haslem, iliandikwa kwa jina la O'Neal katika robo ya nne. Atlanta walishinda 117 kwa 111, Miami wakaweka pingamizi, na Januari 2008 kamishna David Stern akalikubali. Hawks walitozwa faini ya dola 50,000 kwa uzembe wa meza yao, na zile sekunde 51.9 zikaamriwa zichezwe upya. Zilichezwa tarehe 8 Machi 2008, timu zikiwa 114 kwa 111. O'Neal alikuwa ameshahamia Phoenix. Hakuna aliyefunga pointi hata moja, na Atlanta wakashinda tena. Ligi ya kikapu tajiri kuliko zote duniani ilirudisha watu uwanjani karibu miezi mitatu baadaye kwa sababu ya namba moja ya jezi.

Linganisha na yaliyomkuta Tim Duncan wa San Antonio Spurs, mwaka huohuo wa 2007, tarehe 15 Aprili huko Dallas. Refa Joey Crawford, mmoja wa marefa wakongwe wa NBA, alimtoa kwa teknikali mbili. Ya pili aliipata akiwa benchi, na alichofanya ni kucheka. Karibu kila aliyetazama aliona refa amepitiliza, na ligi nayo ikaona hivyo: Crawford alisimamishwa, akazikosa mechi za mchujo za msimu ule, akarejeshwa msimu uliofuata. Lakini hakuna sekunde iliyorudiwa. Mechi ilibaki kama ilivyokwisha. Aliyehukumu vibaya aliadhibiwa yeye mwenyewe, nje ya uwanja, na wenye mamlaka ya kufanya hivyo.

Kanuni za FIBA zinafuata mkondo huohuo, na makocha wetu wangezisoma wangepunguza nusu ya ugomvi. Timu inayotaka kupinga matokeo, nahodha wake ana dakika 15 baada ya mechi kumweleza refa mkuu na kusaini mahali pake kwenye skoshiti, kisha sababu za maandishi zinafuata ndani ya saa moja. Na sababu zinazokubalika zimetajwa: kosa la pointi, la saa au la sekunde 24 ambalo marefa hawakulirekebisha, mechi kufutwa, kuahirishwa au timu kunyang'anywa ushindi, mchezaji asiyestahili kucheza. Teknikali usiyokubaliana nayo haimo. Nimewahi kupokea barua ndefu, zimepigwa chapa vizuri, zikilalamikia sauti ya refa, ilhali skoshiti ya mechi ileile ilikuwa na taimauti iliyohesabiwa mara mbili ambayo hakuna mtu wa timu aliyeiona.

Mitupo huru ina mlango wake, nao ni mwembamba. Refa akitoa mtupo usiostahili, kwa mfano miwili kwa teknikali kwa sababu kichwa bado kiko kwenye kanuni za zamani, au akaacha kutoa unaostahili, au mtupo ukapigwa na mchezaji asiyepaswa, kosa hilo halisubiri sahihi ya refa mkuu. Saa ikishatembea, mpira ukafa kwa mara ya kwanza, kisha ukawa hai tena, limepita. Kocha anayejua hili hupiga kelele mapema na kwa adabu, na mimi humshukuru.

Kuhusu sahihi yenyewe, hakuna iliyozungumzwa kuliko ile ambayo haikuwekwa. Septemba 1972, fainali ya Olimpiki ya Munich, Marekani walikuwa mbele 50 kwa 49 zikiwa zimebaki sekunde tatu. Sekunde hizo zilichezwa mara tatu. Katibu mkuu wa FIBA, R. William Jones, alishuka kutoka jukwaani na kuamuru saa irudishwe, ingawa kanuni hazikumpa mamlaka hayo, na Alexander Belov akafunga kikapu cha 51 kwa 50 kwa Umoja wa Kisovieti. Refa Renato Righetto wa Brazil alikataa kuisaini skoshiti. Kamati ya rufaa ilikataa pingamizi la Marekani kwa kura 3 kwa 2, na Wamarekani hawajazichukua medali zao za fedha hadi leo. Mimi husimama na Righetto. Saini yake ingesema kwamba mechi iliongozwa na marefa, na dakika ile haikuwa hivyo.

Kwetu shinikizo huja kwa sura nyingine. Giza linaingia, msimamizi anataka kufunga geti, viongozi wanasema "Saini bwana, tumeshaona wote." Mimi huomba kiti. Nakaa, naweka maji mbali na karatasi, naanza na faulo za kila mchezaji, kisha taimauti, kisha pointi za kila robo, halafu najumlisha mwenyewe. Wanaosubiri watasubiri.

Nina ombi kwa vyama vya kikapu vya mikoa. Mwandishi wa meza ndiye anayelipwa kidogo na wa mwisho, na mara nyingi anaokotwa jukwaani nusu saa kabla ya mechi kwa sababu ana mwandiko mzuri. Mpeni kozi, mlipeni siku ileile tunayolipwa sisi, na mmpe meza yenye uzio ili mashabiki wasimpumulie shingoni. Na wewe kijana unayependa mchezo huu lakini miguu haikukupeleka mbali, kozi ya waamuzi wa meza ikitangazwa mkoani kwako, jiandikishe. Njoo na kalamu mbili, moja nyekundu.